Kumchagulia Mahali pa Kulelewa Mzee Aliyepoteza Kumbukumbu

Katika familia nyingi za Unguja na Pemba, suala la wapi atalelewa mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huzuka likiwa limeshachelewa. Mzee ameshakutwa alfajiri njia ya bandarini akiulizia chombo kilichoacha kusafiri zamani, au ameshaliacha jiko la mkaa likiwaka chini ya pazia, au binti aliyekuwa akimlea ameshaugua mwenyewe kwa kukosa usingizi. Uamuzi hupitishwa siku hiyo hiyo, na mara nyingi kinachoamua ni nani ana chumba kitupu na majirani watasema nini. Mwongozo huu ni kwa wale wanaotaka kuamua mapema kidogo, na msimamo wake ni mmoja: mahali pa kumlea mzee wa namna hii hupimwa kwanza kwa mtu atakayekuwa macho naye saa nane za usiku. Jengo, vigae, bustani, hata ukaribu wa hospitali, ni mambo yanayofuata.

Kipimo hicho kinaihusu nyumba ya wazee ya serikali sawasawa na kinavyoihusu nyumba ya mtoto wake wa kumzaa. Nasema hivi kwa sababu tumezoea kuikagua nyumba ya watu baki kwa jicho kali na kuisamehe ya ndugu bila ya kuitazama, ilhali wazee wengi wa visiwani wataishi miaka yao ya mwisho katika nyumba ya ndugu.

Kwanza ijulikane anaumwa nini

Kabla ya kutafuta mahali, familia ihakikishe kwamba hali ya mzee imechunguzwa na daktari, kwa sababu si kila kuchanganyikiwa ni demensia, yaani huo ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Maambukizo ya njia ya mkojo yanaweza kumfanya bibi aliyekuwa mzima Jumatatu asiwajue wajukuu zake Alhamisi, na dawa zikimwingia akarudi kuwa yule yule. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, huzuni kubwa ya kufiwa, sukari iliyoshuka, hata masikio yaliyoziba, vyote huweza kumwonyesha mtu kama aliyepotelewa na akili. Zimo pia dawa za kawaida zinazozidisha mkanganyiko kwa wazee: za mafua na mwasho kama Piriton, za usingizi kama diazepamu, na amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Pelekeni mfuko mzima wa dawa zake kwa daktari, pamoja na zile za mitishamba, na muulize moja baada ya moja.

Uchunguzi huo unaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu na kwendelea Mnazi Mmoja kwa walio Unguja, au hospitali za Chake Chake, Wete na Abdalla Mzee ya Mkoani kwa walio Pemba. Wengine huelekezwa Kidongo Chekundu, na hapo ndipo familia nyingi hurudi nyuma, kwa kuwa jina la hospitali hiyo mitaani limefungamana na wazimu. Woga huo haumsaidii mzee. Daktari wa magonjwa ya akili ndiye mwenye mazoea na tabia zinazowachosha walezi, kama vile shuku, kelele za usiku na kukataa kuoga. Wanaotaka kumsomea mzee dua na wamsomee, kwani Qur-ani humtuliza hata aliyesahau jina la mwanawe, lakini miezi isipotee kwa kudhani kwamba ni shetani aliyempanda.

Ikithibitika kuwa ni demensia, ulizeni ni ya aina gani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa huu, na kwamba aina ya Alzheimer ni kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote. Ile inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo hufungamana na presha, sukari na kiharusi, maradhi ambayo kila mtaa wetu unayajua. Tofauti hizi zina athari katika kuchagua mahali. Mwenye Alzheimer kwa kawaida huteremka polepole, na mahali pazuri leo pawe panafaa pia baada ya miaka mitatu. Wa mishipa ya damu anaweza kukaa vilevile kwa miezi kisha akaporomoka ghafla, kwa hiyo kwake upimaji wa presha na njia ya kufika hospitali usiku ni mambo ya kupewa uzito zaidi.

Yaliyopo visiwani

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ina nyumba za wazee Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani, Wete, kwa Pemba. Nyumba hizo zimewekwa kwa ajili ya wazee wasio na jamaa wa kuwatunza, na wanaokaa humo hupatiwa makaazi, chakula na matibabu. Si mahali pa kumpeleka mama mwenye watoto sita walio hai, na familia yenye uwezo inayojaribu kufanya hivyo itaulizwa maswali ya haki. Lakini yuko mzee aliyebaki na mpwa mmoja tu ambaye naye ni mgonjwa, au aliyehamia kutoka bara zamani na hana jamaa anayejulikana. Kwa hao njia ipo, na mahali pa kuanzia ni kwa sheha na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Zanzibar ina Sheria ya Masuala ya Wazee ya mwaka 2020, na wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, jinsia, wazee na watoto ndiyo yenye dhamana.

Mtakapokwenda kuziangalia nyumba hizo, au nyumba nyingine yoyote inayopokea wazee, msidhani kwamba kulea wazee na kulea wenye demensia ni kazi moja. Mzee dhaifu wa miguu mwenye akili timamu anaweza kuomba maji na kusema kwamba tumbo linamuuma. Huyu wetu hatasema. Ataonekana mkali, au atanyamaza, na mlezi asiyejua atasema kuwa ni tabia ya uzee.

Nyumba binafsi za kulelea wazee kwa malipo hazijaenea kwetu, kwa hiyo familia nyingi hubakia na mambo mawili: nyumba ya jamaa, au nyumba ya mzee mwenyewe pamoja na mlezi wa kuajiriwa. Yapo na maombi ya watoto walioko Maskati au London wanaotaka kumchukua mzee kule. Nia yao ni njema, ila mtu anayepoteza kumbukumbu huishi kwa mazoea zaidi kuliko kwa akili, na ukimtoa katika baraza aliyoizoea, lugha aliyoizoea na hali ya hewa aliyoizoea, humbakishii kitu cha kushikilia. Hoja hiyo hiyo humhusu aliyekwishaishi Uingereza miaka arobaini: kumrudisha Makunduchi kwa sababu ndiko alikozaliwa kunaweza kuwa ni kumpeleka ugenini.

Kwa maoni yangu, nyumba ya mzee mwenyewe, ikiwa inaweza kutengenezwa iwe salama na wakapatikana watu wawili wa kupokezana, huzishinda nyingine zote katika hatua ya mwanzo na ya kati. Nimesisitiza watu wawili. Mpango wa kawaida ni kumleta msichana mmoja kutoka shamba, akapewa mshahara wa mfanyakazi wa ndani, akatarajiwa apike, afue, afagie, amkogeshe mzee na akeshe naye. Hakuna binadamu wa kuyaweza hayo kwa muda mrefu. Atakayeshindwa atakimbia, au atamfungia mzee chumbani ili apate kulala, na kati ya hayo mawili la pili ndilo baya zaidi kwa kuwa halitajulikana upesi.

Kumwandika mzee kabla ya kuandika maombi

Kaeni pamoja, wale wanaomjua mzee vizuri, mwandike karatasi mbili au tatu kumhusu. Analala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Akizaliwa aliitwa nani, na sasa huitikia jina gani? Anaogopa nini? Alikuwa akifanya kazi gani, maana aliyekuwa mvuvi ataamka kufuata maji, na aliyekuwa mwalimu wa skuli atataka kutoka saa moja asubuhi akiwa amevaa. Anakunywa chai ya namna gani? Chakula gani hakigusi? Nyimbo, nyiradi na maulidi gani anayaitikia? Karatasi hiyo itakuwa kipimo chenu: mahali ambapo msimamizi wake anaipokea, anaisoma na kuuliza maswali pana matumaini, na mahali ambapo inawekwa mezani bila ya kutazamwa mmeshapata jibu.

Lugha iangaliwe kwa makini. Ugonjwa huu hufuta ya karibuni kabla ya ya zamani, na mzee aliyesema Kiswahili cha mjini maisha yake yote anaweza kurudi kwenye lahaja ya utotoni: Kipemba cha Micheweni, Kitumbatu, Kimakunduchi. Wazee wenye asili ya Ngazija, Oman au Kachi ya Bara Hindi wanaweza kurudi kwenye lugha za mama zao kabisa. Mlezi asiyeyajua maneno hayo hataelewa kuwa mzee anaomba kupelekwa chooni, na atakachokiona ni shuka lililorowa.

Kwenda kuangalia, na saa za kwenda

Nyumba yoyote ile huwa nzuri saa nne asubuhi. Nendeni saa hiyo mara ya kwanza kwa adabu na kwa miadi, kisha mrudi wakati wa magharibi. Jua linapotua, wengi wa wagonjwa hawa huingia katika mahangaiko: hutaka kwenda kwao hali wako kwao, huwatafuta wazazi waliokwishafariki, hugombana na kivuli. Ni saa hiyo mtakapojua mahali pana watu wa aina gani. Tazameni kama walezi wanakaa chini na kuzungumza naye kwa sauti ya chini, wanampeleka barazani kupunga upepo, wanamshughulisha kwa tasbihi au kwa kuchambua mchele, au kama wanamkaripia na kumwambia kwa mara ya kumi kuwa mama yake alikufa. Kumwambia hivyo ni kumfisha mama yake upya kila jioni.

Kisha ulizeni habari za usiku, na muulize kwa jina na kwa idadi. Nani hulala hapa usiku? Analala au anakesha? Akiugua yeye, nani hushika nafasi yake? Umeme ukikatika, taa gani huwashwa, na iko wapi? Ikiwa ni nyumba ya jamaa, maswali ni yale yale, na ni wajibu kuyauliza ingawa yanatia haya. Mkaza mwana aliye na mtoto mchanga na zamu ya kazi ya asubuhi hawezi kukesha, hata awe na moyo mwema kiasi gani, na kumtwika mzigo huo kwa kuwa yeye ni mgeni katika ukoo na hawezi kukataa mbele ya wakwe ni dhulma inayofanyika sana na kusemwa kidogo.

Njia za kutokea zichunguzwe. Mzee wa namna hii hutembea, na haina maana kumlaumu kwa kutembea. Kinachotakiwa ni mahali ambapo anaweza kuzunguka bila ya kufika hatarini: ua wenye ukuta, ukumbi mrefu usio na vizuizi, lango lenye komeo lililowekwa juu au chini kuliko anapotazamia. Angalieni kisima kisicho na kifuniko, barabara ya daladala mlangoni, na kwa vijiji vya ufukweni, maji yanapojaa yanafika wapi. Nyumba za ghorofa za Mji Mkongwe zina ngazi za kusimama wima, zenye giza, na paa lililo wazi juu. Ni nyumba za fahari, lakini kwa mgonjwa huyu ni za hatari mpaka chumba chake kiwe chini na mlango wa ngazi ufungwe. Majirani nao ni sehemu ya ulinzi. Mtaa ambao muuza duka, vijana wa maskani na imamu wa msikiti wanamjua mzee kwa sura na wana nambari ya simu ya familia una thamani ambayo ukuta hauna.

Ingieni chooni, na mwingie wenyewe badala ya kuonyeshwa kutoka mlangoni. Choo cha kuchuchumaa humshinda mwenye magoti mabovu, na choo cha uwani wakati wa masika huwa kimejaa utelezi. Tafuteni kiti, mshikio wa ukutani, taa isiyozimwa usiku, na mlango usioweza kujifunga kwa ndani. Harufu ya mkojo kidogo asubuhi ni jambo la kawaida na haina lawama. Harufu iliyokaa kwenye magodoro ni habari nyingine. Ulizeni pempasi za wakubwa hubadilishwa mara ngapi, na mzee anayelala muda wote hugeuzwa kila baada ya saa ngapi, kwani vidonda vya kulalia huanza kwa wekundu mdogo kwenye kisigino au makalio, na kwa ngozi nyeusi hata huo wekundu hauonekani, mpaka uguse na kuhisi pana joto au ugumu.

Jambo dogo ambalo familia hulipuuza ni kioo. Kabati la zamani lenye kioo kirefu linaweza kumtisha mzee kila usiku, kwa kuwa hajitambui na anaona mtu mgeni yumo chumbani. Muulizeni mlezi angefanya nini. Aliyezoea kazi hii atasema angetundika kanga juu yake.

Chakula, maji na mwezi wa Ramadhani

Kaeni mpaka wakati wa chakula. Mgonjwa anaweza kusahau kula, kusahau kwamba ameshakula, au kusahau namna ya kumeza, na hilo la mwisho ndilo linaloua, maana chakula kikienda njia ya pumzi huleta nimonia. Mlezi mzuri humketisha mzee wima, humpa tonge ndogo, husubiri amalize, na hujua kuwa uji mzito na ndizi iliyopondwa ni salama kuliko mchuzi mwepesi wenye vipande vya nyama. Mlezi mwenye haraka humlisha amelala. Maji nayo yatolewe bila ya kusubiri aombe, hasa katika joto la kaskazi, kwa kuwa hisia ya kiu hupungua uzeeni na mwili ukikauka akili huvurugika zaidi.

Ramadhani ina mtihani wake. Aliyeondokewa na akili hawajibiki kufunga, na familia zenye shaka zimuulize shehe wao. Lakini tatizo la kweli ni la jikoni. Nyumba nzima imefunga, hakuna kinachopikwa adhuhuri, walezi wamechoka kufikia alasiri, na usiku watu wako macho hadi daku, kwa hiyo mzee hugeuza usiku kuwa mchana. Mwenye sukari anayechomwa insulini anaweza kuanguka mwezi huo kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kumpa uji saa sita. Ulizeni mapema: mwezi wa Ramadhani mchana, nani humlisha, na chakula chake hupikwa saa ngapi?

Dawa za kumtuliza, na kumfunga

Hapa msione haya hata kidogo. Ulizeni waziwazi kama wazee wenye fujo hupewa dawa za kuwalaza, ni zipi, na nani aliyeziandika. Zile za kutuliza wagonjwa wa akili, kama haloperidoli, huweza kuhitajika kwa muda mfupi mgonjwa anapokuwa hatari kwake au kwa wengine, lakini kwa wazee wenye demensia huongeza uwezekano wa kiharusi na kifo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya jambo hilo mwaka 2005 kwa dawa mpya za kundi hilo, kisha likaongezwa kwa za zamani. Kwa mwenye demensia ya aina ya Lewy, ambayo huja na kuona viumbe visivyokuwepo na mwili kukakamaa, haloperidoli inaweza kumfanya asinyanyuke tena. Kwa hiyo dawa hizo zitoke kwa daktari, kwa kipimo kidogo, na pawe na tarehe ya kuangalia kama zinaweza kuachwa. Mahali ambapo mnaambiwa kwa fahari kuwa wazee wote hulala tangu isha mpaka asubuhi, ulizeni wamelazwaje.

Kufungwa kwa kamba au kanga kwenye kitanda au kiti hakukubaliki. Wapo wanaofanya hivyo kwa mapenzi, wakihofia asianguke, lakini mzee aliyefungwa huhangaika, huchubuka, huota vidonda, na miguu yake husahau kutembea katika muda wa wiki chache. Godoro kushushwa chini, au mlezi kulala mlangoni mwa chumba, hufanya kazi hiyo bila ya kumdhalilisha.

Sitara na ibada

Swali la nani atamkogesha lisiachwe mpaka siku ya kuhamia. Bibi aliyejisitiri maisha yake yote atapigana na kijana wa kiume anayemvua nguo, na atakuwa na haki. Watu wataandika kuwa ni mkali. Pawe na wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, na ajulikane ndugu gani mahramu anaruhusiwa kusaidia. Mtihani mzito kwa upande wa wanaume ni kwamba babu mara nyingi huachiwa mtoto wa kiume asiyewahi kumkogesha mtu yeyote, naye anahitaji kufundishwa kabla ya siku hiyo.

Kwa wazee wengi, adhana ndiyo saa ya mwisho inayobakia ya kuwajulisha wakati. Aliyesahau mwaka na jina la mtaa wake bado husikia wito na kuuliza maji ya udhu. Mahali pazuri humwachia aswali, hata akiswali magharibi mara nne, hata akielekea upande usio wa kibla, na humwekea msala na ndoo ya maji karibu. Wazee wa dini nyingine nao waulizwe yao, kwani nyimbo za kanisani hukaa kichwani muda mrefu vilevile.

Fedha na mali

Kila anayetimiza miaka 70 Zanzibar anastahiki Pensheni Jamii, iliyoanza mwezi wa Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kupandishwa hadi shilingi 50,000. Kiasi hicho hakitoshi kumlipa mlezi, lakini ni cha mzee, na ijulikane nani anakipokea na kinanunua nini. Gharama zinazobaki zigawanywe kwa maandishi. Aliye nje ya nchi atume fedha, aliye karibu atoe muda, na muda huo uhesabiwe kuwa ni mchango uliotimia. Ugomvi mwingi wa ndugu huanza pale anayetuma fedha anapojiona mwenye kauli na anayekesha anapoonekana kama mtumishi.

Malezi yatenganishwe na urithi. Ahadi ya kwamba atakayemchukua mama ndiye atakayebaki na nyumba humfanya mzee kuwa ufunguo wa nyumba, na kwa sheria ya Kiislamu wasia kwa mrithi haupiti bila ya ridhaa ya warithi wengine, kwa hiyo ahadi yenyewe ni mbegu ya kesi. Mambo ya wakala, akaunti ya benki na hati za ardhi yashughulikiwe kwa wakili mapema, mzee akiwa bado anafahamu anachokisaini. Kidole gumba kilichobonyezwa na mtu asiyejua ni karatasi gani hakitamlinda yeyote mahakamani.

Siku ya kuhama na wiki za mwanzo

Msimhamishe mzee akiwa mgonjwa wa kitu kingine, wala mara tu baada ya msiba, na kama anavuka bahari kutoka Pemba kuja Unguja, avuke mchana, akiwa na mtu anayemtambua, na kwa njia fupi mnayoimudu, kwa sababu boti yenye watu wengi na kutapika inaweza kumwacha amevurugika kwa siku kadhaa. Chumba kiandaliwe kabla hajafika: kitanda kielekee upande ule ule aliouzoea, mto wake na shuka lake lisilofuliwa upya, kofia zake au mikoba yake mahali pa kuonekana, picha za zamani kuliko za sasa. Udi wake ufukizwe. Jamaa mmoja alale naye siku za mwanzo.

Wekeni muda wa majaribio wa miezi miwili au mitatu, na wote wakubali tangu mwanzo kwamba kubadilisha mahali baadaye si fedheha. Wiki mbili za kwanza karibu kila mzee huzidi kuchanganyikiwa, kwa hiyo msihukumu upesi. Baada ya hapo mpimeni uzito kila mwezi, mtazame ngozi yake wakati wa kuoga, na mje siku na saa zisizotarajiwa, kila jamaa kwa zamu yake. Mchubuko mmoja huweza kuwa ni wa kuanguka. Michubuko pande zote mbili za mikono huweza kuwa ni alama za vidole. Mzee anayejikunja mlezi fulani anapoingia anasema kwa mwili alichoshindwa kukisema kwa ulimi. Mkikuta hivyo, mtoeni siku hiyo hiyo, mpelekeni hospitali aandikiwe taarifa, kisha mwende polisi na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya mkiwa na karatasi hiyo mkononi. Na kama mambo ni ya kawaida lakini mlezi ameanza kujibu kwa mkato na macho yamemwiva kwa kukesha, mpeni wiki ya mapumziko yenye malipo kabla hajaiomba, mmoja wenu akashika zamu yake ya usiku.